Uzi: Wavulana wa Lord of the Flies hawakuwahi kujua wako wangapi

#1 – Mwalimu wa Zamu

Wadau wa fasihi, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye chai na aisogeze karibu.

Nimeisoma Lord of the Flies ya William Golding mara nne. Ya kwanza nilikuwa kidato cha tatu, ya mwisho ni mwezi uliopita. Kila inapojadiliwa nasikia orodha ileile: kome ni sheria, miwani ni akili, moto ni matumaini, kichwa cha nguruwe ni Shetani. Orodha hiyo haina kosa na mtihani utaujibu vizuri tu. Lakini taashira ukizipanga rafuni kama makopo ya dukani, kitabu kinapoa. Safari hii nilikaa na kalamu mkononi, nikawa napiga mstari kila jina la mtoto linapotajwa, linapoulizwa au linaposahauliwa. Nilipofika mwisho kurasa zimejaa mistari, na nimebaki na hoja moja ambayo nataka kuitua hapa. Wale wavulana walianza kuupoteza utoto wao kabla ya tone la damu kumwagika. Walianza kuupoteza siku ya kwanza, waliposhindwa kuhesabiana.

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya ilitoka Septemba 1954. Dunia iko vitani, bomu la atomiki limeshapigwa, na ndege iliyokuwa ikiwahamisha wavulana wa Kiingereza inashambuliwa na kuanguka. Wanajikuta kisiwani, kisiwa kizuri chenye minazi, matunda na maji ya kuogelea, bila mtu mzima hata mmoja. Wakubwa wana miaka 12 hivi, wadogo 6 hivi. Wanamchagua Ralph awe kiongozi, wanakubaliana kuwasha moto mlimani ili meli ione moshi. Kitabu kinapofunga, wenzao wawili wameuawa mbele ya macho ya wote, na wa tatu anasakwa kama mnyama.

Sasa rudini sura ya kwanza. Ralph na yule mvulana mnene mwenye pumu na miwani wanaliona gamba la kome majini. Mnene ndiye anayejua linavyopulizwa, ila pumu hairuhusu, kwa hiyo anamfundisha Ralph. Mlio unatoka, na watoto wanaanza kujitokeza msituni mmoja mmoja. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Sasa tazameni mnene anafanya nini wakati huo. Anapita kwa kila anayefika, anainama, anauliza jina lake, anajitahidi kulikariri. Huyo ndiye mtu wa kwanza kisiwani kufanya kazi ya mzazi. Hakuna aliyemtuma.

Halafu inatokea kwaya. Wanakuja ufukweni kwa mistari miwili, majoho meusi, misalaba ya fedha kifuani, chini ya jua lile, na kiongozi wao Jack Merridew anawaamrisha kama askari. Hapo mnene ananyamaza. Golding anasema wazi kwamba hakuwauliza majina, sare zao zilimtisha. Mara tatu za mwanzo niliupita mstari huo bila kuuona. Kundi litakalokuja kuua ndilo kundi ambalo mtu wa kuandika majina aliliogopa.

Na Jack mwenyewe? Majina yanapotajwa anasema yeye si wa kuitwa Jack, hayo ni majina ya watoto, yeye ni Merridew. Yaani mtoto wa kwanza kisiwani kuukataa utoto anaanza kwa kulikataa jina lake la utotoni. Mbele ya safari, sura za mwisho, hata Merridew linatoweka. Mwandishi anaanza kumwita Mkuu tu, Mkuu alisema hivi, Mkuu alikaa pale, na msomaji asiye makini hatambui ni lini Jack alitoka kitabuni.

Nikifika kwa mtoto mwenye alama usoni moyo unaniuma, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa hapa kidogo. Ni katoto ka miaka 6 hivi, upande mmoja wa uso una baka la kuzaliwa la rangi ya zambarau. Ndiye wa kwanza kusema kuna kitu msituni, kitu kama nyoka. Anaona aibu kusema mbele ya wakubwa, mnene anapiga magoti kando yake, anamsikiliza, kisha anamsemea. Wakubwa wanacheka, wengine wanabisha. Baadaye wote wanatimka kwenda mlimani kuwasha moto, wanaurundika kuni bila mpango, moto unawashinda na kuteketeza kipande cha msitu. Mnene anatazama chini kwenye ule moto, kisha anauliza: yule mdogo mwenye alama usoni yuko wapi? Simwoni.

Hakuna anayejibu. Wanaangaliana. Ralph anageuka kumlaumu, si ulitakiwa uandike orodha? Naye anajitetea kwa uchungu, angewezaje peke yake, walikaa dakika mbili kisha wakatawanyika, wengine baharini, wengine msituni. Huyo mtoto hatajwi tena kwa uwazi. Hana kaburi wala jina. Wakubwa wote wanajua amefia wapi, na hakuna anayelisema. Mnaosema utoto ulipotea nguruwe wa kwanza alipochinjwa, nawaomba mrudi kwenye ukimya huo mlimani. Nguruwe alikuwa hajaguswa bado. Jack alikuwa ameshashindwa kumchoma kisu nguruwe mdogo aliyenasa kwenye mimea itambaayo, kwa sababu damu ya kiumbe hai ilimtisha. Mkono wake ulikuwa bado wa mtoto, lakini wote kwa pamoja walikuwa wameshajifunza kunyamazia kifo.

Nina sababu ya kung'ang'ania jambo hili. Nilipoanza kazi nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya bweni. Usiku mmoja naita majina, kila jina linajibiwa "nipo". Nikahesabu vichwa, kimoja hakipo. Nikarudia daftari la mahudhurio, "nipo, nipo, nipo", hesabu ikagoma tena. Kumbe kuna mtu alikuwa anamwitikia mwenzake. Nikauliza aliyekosekana ni nani, bweni zima kimya. Nilipolitaja jina la mtoto huyo, wa kidato cha kwanza, baadhi ya wenzake hawakujua ninamsema nani, maana walimjua kwa jina la utani tu, jina la dhihaka ambalo sitaliandika. Tulimkuta chini ya mwembe nyuma ya jiko, amejikunyata na pumu imembana. Alikuwa amefukuzwa bwenini tangu saa kumi na mbili. Alipona. Wiki ileile nilikichukua kitabu hiki nikakisoma mara ya pili, na tangu hapo sijaweza kukisoma kama hadithi ya kisiwa cha mbali.

Kuna mwingine, Percival. Huyu wazazi wake walimkaririsha: jina kamili, majina yote matatu, nyumba ya kasisi, kijiji, mkoa, namba ya simu. Ni kinga, kama hirizi, mtoto akipotea aitaje. Kwenye mkutano wa usiku anasimamishwa aseme kuhusu zimwi, kile kitu cha msituni wanachokiogopa wote, naye badala yake anaanza kuikariri anwani yake, anafika kwenye simu na kuangua kilio. Watoto wadogo wote wanalia naye. Ukurasa wa mwisho, afisa wa jeshi la maji yuko ufukweni, Percival anamsogelea ajitambulishe. Anafungua mdomo. Mimi ni… mimi ni… Haipo. Imefutika yote.

Na mapacha Sam na Eric mnawakumbuka? Wanaanza watoto wawili, baada ya muda wanaitwa Samneric, neno moja, pumzi moja.

Hivyo ndivyo ninavyoisoma taashira ya kome pia. Wengi wanaiita demokrasia, na ni kweli aliyelishika ndiye mwenye zamu ya kusema. Ila kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwakusanya waliopotea. Wenzetu wa Lamu na Pate walikuwa na siwa, ile ya pembe ya ndovu na ile ya shaba, ikipulizwa kila mtu anajua kuna jambo la watawala. Pembe yenyewe haina nguvu mpaka watu wakubali kuitika. Kome linapovunjika vipandevipande kwenye mwamba, Roger, mmoja wa kundi la Jack lililojitenga, akiwa juu ameegemea mti wa kulisukumia jabali, kilichovunjika kilishakuwa kitupu siku nyingi. Waliobaki wakiliitika walikuwa wanne tu, na mmoja wao, mnene, aliondoka na lile jabali.

Huyo Roger naye asipite hivihivi. Sura ya nne anamrushia mawe mtoto mdogo, Henry, anayecheza ufukweni. Anarusha makusudi pembeni. Kumzunguka Henry kuna duara la yadi sita hivi ambalo jiwe halithubutu kuingia, duara la wazazi, shule, polisi na sheria, ingawa hao wote wako mbali sana. Hakuna ukurasa kwenye riwaya hii ninaouheshimu kuliko huo. Utoto umechorwa pale mchangani, na unaweza kuupima kwa hatua. Kuanzia hapo kitabu kizima ni habari ya duara linalozidi kupungua.

Karibuni. Mwenye hoja aishushe, nitajibu kila nikipata nafasi.

---

#2 – Fundi Miwani

Mwalimu, umenifanya nikitafute kitabu tena. Lakini mimi kazi yangu ni miwani na kuna kitu kinanikera kila nikikisoma. Yule mnene haoni mbali, mwandishi mwenyewe anasema hivyo. Asiyeona mbali huvaa lenzi mbonyeo, na lenzi mbonyeo hutawanya mwanga. Moto unawashwa kwa lenzi mbinuko, inayokusanya miale mahali pamoja. Yaani kwa miwani ile wangekaa juani mpaka Krismasi bila kuona hata moshi. Mwandishi mkubwa namna hii, mshindi wa Nobel, anakosea jambo la sayansi ya shule ya msingi?

---

#3 – Mwalimu wa Zamu

Mkuu, umesema kweli na siwezi kumtetea. Golding alikosea, wasomaji wengi wa sayansi wamemshika hapo. Nobel alipewa 1983, kosa limebaki kitabuni.

Lakini kwa kuwa wewe ni mtu wa miwani, naomba uiangalie kwa jicho la mwenye nayo. Siku ya moto wa kwanza Jack anaipokonya usoni bila kuomba, mnene anabaki anapapasa hewani akilalamika kwamba hauoni hata mkono wake. Sura ya nne Jack anampiga, kioo kimoja kinavunjika. Usiku wa uvamizi kundi la Jack linaiiba kabisa, wakati kome lilikuwa palepale na hawakuligusa. Kila mmoja kisiwani anahitaji moto, na kila moto unawashwa kwa macho ya mtu mmoja ambaye hakuna anayemheshimu. Ukiniuliza miwani ni taashira ya nini, nitasema ni taashira ya kumtumia mtu huku unamcheka. Na hilo wanalijua hata watoto wa chekechea.

Halafu mwisho, mtoto mwenye nywele nyekundu anasimama mbele ya afisa, mabaki ya miwani yananing'inia kiunoni mwake. Ni Jack, lakini mwandishi hamtaji jina. Ni "mvulana mdogo" tu.

---

#4 – Mwana wa Masasi

Shikamoo mwalimu, na wengine salaam zenu.

Mimi niliposoma sura ya nyuso kupakwa rangi, Jack anachanganya udongo mweupe na mwekundu na mkaa, anajitazama kwenye maji ndani ya kifuu cha nazi, nilishtuka kwa sababu nyingine. Nilikumbuka jando. Sisi tulipelekwa porini, tukakaa kumbini, tukapakwa, tukaimba nyimbo ambazo sitazisema hapa, tukafundishwa kwa ukali. Ukitoka unapewa jina jipya, na la utotoni mtu akikuita nalo amekukosea adabu. Kwa hiyo kupoteza utoto kwetu si msiba, ni sherehe. Mama analia na anapiga vigelegele kwa wakati mmoja. Nilipomaliza kitabu nikajiuliza, kwani tatizo la hawa ni kwamba wamekua, au ni kwamba hawakuwa na mtu wa kuwakuza?

---

#5 – Mwalimu wa Zamu

Marahaba ndugu yangu. Swali lako limenikalisha kitako tangu asubuhi.

Nadhani umegusa kitu ambacho Mwingereza asingekiona kirahisi. Kisiwani vitu vyote vya jando vipo: pori, rangi, ngoma, wimbo, uwindaji, duara la wavulana usiku, hata jina jipya kwa Jack. Kinachokosekana ni kungwi. Na kungwi, nisahihishe nikikosea, anaingia kumbini na idadi anayoijua. Amepokea watoto kwa wazazi na atawarudisha kwa wazazi, na ikitokea mmoja hakurudi, hilo nalo lina utaratibu wake wa kuambiwa mama yake. Mtoto anayakata maisha yake ya zamani akiwa ameshikwa mkono.

Sasa linganisha na usiku wa kifo cha Simon. Simon ni yule mwanakwaya mpole, mwenye kuzimia, anayewachumia wadogo matunda wasiyoyafikia. Tuseme kwanza alichokiona. Wawindaji wamemuua nguruwe jike aliyekuwa ananyonyesha, wamekichomeka kichwa chake juu ya kijiti chenye ncha mbili, wamekiacha kama sadaka kwa zimwi. Nzi wamekifunika. Simon anakaa mbele yake juani mpaka kichwa kinaanza kumsemesha. Jina la riwaya linatoka hapo, na msomaji wa Biblia ya Kiswahili anacho kidokezo mkononi. Fungua 2 Wafalme sura ya 1, utamkuta Baal-zebubu, mungu wa Ekroni. Ukienda Mathayo 12 ameshakuwa Beelzebuli, mkuu wa pepo. Kwa Kiebrania Baal-zebubu husomeka bwana wa nzi. Kichwa kinamwambia Simon kwamba zimwi haliwindwi wala haliuawi, liko ndani yao. Na Simon alishalihisi mapema, kwenye mkutano alijaribu kusema labda zimwi ni sisi wenyewe, wakamzomea.

Sisi tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili liliwajua kuliko mama zao.

Basi Simon anapanda mlimani, anakuta walichokuwa wanakiogopa ni maiti ya rubani aliyeshuka na parachuti, upepo ukivuta kamba maiti inainama na kuinuka. Anazifungua kamba amstiri marehemu. Anashuka akiwa hoi kuwapa habari njema. Chini kuna mvua, radi, ngoma, duara, wimbo wa kuua. Anatokea msituni akitambaa, wanamvamia. Anapiga kelele kuhusu mtu aliyekufa mlimani, hakuna anayesikia. Ralph alikuwemo kwenye duara. Mnene alikuwemo. Kesho yake wanaambiana kwamba walikuwa pembeni, kwamba kulikuwa na giza, kwamba ilikuwa ajali, na mapacha wanasema wao waliondoka mapema. Ukimya uleule wa mlimani siku ya kwanza, umekua tu.

Kwa hiyo jibu langu kwako: kukua si msiba. Ila wale walivuka peke yao, usiku, na hakuna mtu ng'ambo aliyekuwa akiwasubiri na taa.

---

#6 – Baharia wa Pangani

Mimi nitawapinga wote kwa heshima. Golding aliwasingizia watoto. Kuna kisa cha kweli kabisa. Mwaka 1965 wavulana sita wa Tonga, nchi ya visiwa kule Pasifiki, waliotoroka shule ya bweni walichukua boti bila ruhusa, dhoruba ikawapiga, wakaishia kisiwa cha 'Ata ambacho hakina watu. Walikaa miezi kama 15. Waliwasha moto na hawakuuacha uzimike. Walipanda bustani, waliwapata kuku waliobaki porini tangu enzi za wenyeji waliohamishwa karne ya 19, waligawana zamu wawiliwawili, wakigombana kila mmoja anakwenda upande wake mpaka hasira ipoe. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakamfunga vijiti na majani, wakafanya na kazi zake mpaka alipopona. Septemba 1966 nahodha wa Australia, Peter Warner, aliwakuta wote sita wazima. Mbona hakuna aliyepakwa rangi na kumuua mwenzake? Kitabu kinaonewa fahari tu kwa sababu kinatisha.

---

#7 – Mwalimu wa Zamu

Kaka, asante sana kwa kisa hiki, nakifahamu na nakipenda.

Kwanza nikupe upande wa Golding, ili tusimhukumu bila kumsikia. Alizaliwa Cornwall 1911, akawa mwalimu wa shule ya wavulana pale Salisbury, kwa hiyo watoto aliwajua kwa kuwafundisha kila siku, na mswada wa kitabu hiki aliuandika kwenye madaftari ya shule. Katikati hapo alipigana vita kuu ya pili katika jeshi la maji. Tarehe 6 Juni 1944, wakati wa kuingia Normandy, pwani ya Ufaransa, alikuwa anaongoza chombo cha kurushia roketi. Alirudi darasani akiwa mtu mwingine. Aliandika baadaye kwamba aliyepita miaka ile bila kuelewa kuwa binadamu hutoa uovu kama nyuki anavyotoa asali, basi alikuwa kipofu au ana kasoro kichwani. Huyo si mtu anayewachukia watoto. Ni mtu aliyeona walichofanya watu wazima waliolelewa vizuri, akakataa kusema kwamba hao walikuwa wa aina nyingine.

Alikuwa pia anajibu kitabu. Wavulana wa Uingereza walikuzwa na The Coral Island ya R. M. Ballantyne, ya 1857, ambamo vijana watatu wa Kiingereza kisiwani wanabaki wema na wachangamfu, na uovu wote unatoka nje, kwa maharamia na kwa wenyeji. Golding alichukua majina mawili ya humo, Ralph na Jack, akawapa watoto wake. Afisa wa mwisho anakitaja kile kitabu kwa jina, anadhani alikuwa akitazama mchezo kama ule. Kwa hiyo shabaha yake ilikuwa kiburi cha taifa lake lililojiona limezaliwa limestaarabika. Mswada ulikataliwa na wachapishaji wengi mpaka Charles Monteith wa Faber and Faber alipouokoa.

Sasa turudi 'Ata. Unakumbuka namna walivyookolewa? Kwa maelezo ya nahodha, kijana wa kwanza aliogelea mpaka kwenye boti, akataja jina lake, kisha akasema wako sita, na kwamba kwa hesabu yao wamekaa pale miezi 15. Nahodha akapiga redio Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, akasoma majina. Upande wa pili wakajibu kwamba vijana hao walishafanyiwa mazishi.

Jina, idadi, siku. Sasa sikia mwisho wa riwaya. Afisa anauliza, mko wangapi? Ralph anatikisa kichwa. Afisa anauliza nani kiongozi, Ralph anasema ni mimi. Afisa anarudia kwa mshangao, na hamjui mko wangapi? Hapana, bwana.

Kaka, kwangu kisa chako na riwaya hii havipingani hata kidogo. Wale sita walikuwa marafiki waliojuana kabla ya kupanda boti. Hakuna aliyekuwa "mmoja wa wadogo". Ukiwa na wenzako watano, na mmoja amevunjika mguu, kila asubuhi unajua ni nani hayupo kisimani.

Na usisahau huyo afisa ni nani. Amevaa sare nyeupe, ana bastola kiunoni, na nyuma yake kuna meli ya kivita. Moshi aliouona ni wa moto uliowashwa ili kumtoa Ralph mafichoni auawe. Anawaokoa watoto wa vita ndogo awapeleke kwenye vita kubwa. Ralph anapoangua kilio, afisa anaona haya, anageuka pembeni, anatazama meli yake.

---

#8 – Kidato cha Tano HGL

Shikamoo mwalimu. Nimesoma uzi wote kwa sababu tuna mjadala wa kitabu hiki Ijumaa. Nina swali dogo. Umeandika "mnene" kila mahali, hukumwita Piggy. Ni kwa sababu gani? Na jina lake halisi ni nani? Nimetafuta sijaliona.

---

#9 – Mwalimu wa Zamu

Marahaba mwanangu. Umesoma kwa makini kuliko walimu wengi.

Hulioni kwa sababu halipo. Anza tena ukurasa wa kwanza kabisa. Wanakutana wawili tu msituni. Mnene anamuuliza Ralph jina, Ralph anajibu, kisha mnene anasubiri na yeye aulizwe. Ralph hamuulizi. Mwandishi anaiandika hiyo subira. Baadaye mnene anajieleza mwenyewe, anasema hajali wamwiteje ilimradi wasimwite walivyomwita shuleni, kisha ananong'ona jina la dhihaka, Piggy, kinguruwe, na anaomba lisisambazwe. Ralph anacheka mpaka anaanguka. Muda si mrefu, mbele ya watoto wote, Jack anamwita mnene kwa dharau, na Ralph, kana kwamba anamtetea, anatangaza kwamba jina lake ni Piggy. Kisiwa kizima kinacheka. Ndipo wanaanza kuwa kundi moja, kwa kicheko hicho.

Aliyezunguka akiuliza kila mtoto jina lake hakuulizwa la kwake. Na alipewa jina la mnyama ambaye siku chache baadaye wataimba wimbo wa kumuua.

Ijumaa ukisimama kusema, wasomee aya ya mwisho polepole. Ralph analia kwa ajili ya utoto uliokwisha, kwa ajili ya giza la moyo wa mtu, na kwa ajili ya rafiki wa kweli, mwenye busara, aliyeanguka kutoka mwambani. Ameshamjua sasa kuwa alikuwa rafiki. Anataka kumlilia kwa jina, na jina pekee alilonalo ni lile aliloombwa asilitaje.